Mimea ya kizimba cha ndege ni sehemu ya amana

 

Swali tutakalolizungumza Ijumaa hii limeletwa na mzazi mmoja ambaye nyumba yake ina ua mpana. Aliwajengea watoto wake kizimba kikubwa cha wavu wa chuma, akaweka humo cherero sita na hua wawili. Baada ya siku chache akaona kizimba kimekaa kitupu mno, hakina hata jani. Akakata matawi ya mparachichi uliokuwa nyuma ya jiko, akayafunga kwenye nguzo ili ndege wapate kivuli na mahali pa kutua. Cherero wakachangamka, wakaanza kuguguna magome na majani kama ilivyo desturi yao. Siku mbili hazikupita, wanne wakawa wamekufa. Hua hawakupatwa na kitu. Mzazi yule akawaambia watoto kwamba ndege wale siku zao zilikuwa zimefika. Binti yake mdogo hakuridhika, akamwuliza ni kwa nini basi siku za hua hazikufika pia. Baba alikosa jibu, akaja nalo kwangu.

Ndugu msomaji, mtoto huyo aliona jambo ambalo sisi watu wazima hulipita haraka. Kuamini kadari ni nguzo ya imani, na hakuna nafsi inayoondoka ila kwa idhini ya Mola wake. Lakini imani hiyo haikuletwa ili ifunike sababu. Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha amtegemee Mwenyezi Mungu, naye akamwelekeza amfunge kwanza ndipo ategemee. Katika kisa chetu sababu iko wazi. Mti wa mparachichi, ambao tunda lake Zanzibar wanaliita embe mafuta, una sumu inayoitwa pasini. Imo katika majani, magome, tunda na kokwa. Sumu hiyo huharibu msuli wa moyo wa ndege, maji yakajikusanya kifuani, na ndege akafa kwa kushindwa kupumua, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Cherero ni jamaa ya kasuku, na kasuku hutafuna kila kilicho mbele yake. Hua hatafuni majani wala magome, hudonoa nafaka tu. Ndiyo sababu wale wamekufa na hawa wamebaki.

Simlaumu mzazi yule. Hakukusudia, na asiyejua si sawa na ajuaye. Hata hivyo kutojua kuna mpaka wake, na nataka kueleza mpaka huo uko wapi, kwa kuwa nyumba zenye vizimba vya ndege sasa ni nyingi katika miji yetu na wenye nazo wengi ni watu wema wanaowapenda ndege wao.

Tuanze na hukumu ya asili. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik kwa mama. Mtoto huyo alikuwa na kindege akichezea, kikafa, akawa na huzuni. Mtume (S.A.W.) alipomkuta katika hali hiyo alimliwaza kwa mzaha mpole, akimwuliza habari za kindege chake. Ibn al-Qass at-Tabari, mwanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliiandikia hadithi hii fupi kitabu maalumu na kutoa ndani yake mafunzo yaliyozidi 60. Ibn Hajar al-Asqalani naye, katika sherehe yake ya Sahihi Bukhari, amelitaja miongoni mwa mafunzo hayo jambo la kujuzu kumweka ndege tunduni. Basi anayesema kwamba kufuga ndege ni haramu moja kwa moja amekaza palipolegezwa. Na tuzingatie jambo jingine katika kisa hicho: huzuni ya mtoto juu ya kindege haikuchekwa wala kupuuzwa.

Upande wa pili wa hukumu hiyo ni hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tunaisimulia sana, lakini mara nyingi tunaishia kwenye njaa. Hadithi inataja mambo mawili: hakumlisha, na wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe wadudu wa ardhini. Hili la pili ndilo msingi wa mazungumzo yetu. Paka aliye huru hata asipolishwa na mtu anaweza kujichagulia. Akifungiwa, uchaguzi umetoka kwake na kuhamia kwa aliyeufunga mlango. Vivyo hivyo ndege. Akiwa porini atalionja jani, likimchukiza ataruka aende mti wa pili, na wa tatu, na wa mia. Kizimbani hana mti wa pili. Anao ule tu ulioupanda wewe, na kwa kuwa siku ni ndefu na hana kazi nyingine, ataurudia ule ule mpaka aumalize.

Izz bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameandika katika kitabu chake cha Qawaid juu ya haki za wanyama kwa binadamu aliyewamiliki. Ametaja kuwalisha hata wakizeeka au wakiugua wasiwe na faida tena, kutowatwika wasichokiweza, na kutowaweka pamoja na kinachowadhuru, kiwe cha jinsi yao au cha jinsi nyingine. Yeye alikuwa akizungumzia wanyama wanaopigana na kuvunjana mifupa. Lakini sioni tofauti kati ya kumfungia mbuzi pamoja na fahali mkali na kumfungia kasuku pamoja na mti wenye sumu. Bali huu wa pili ni mbaya zaidi, kwani mbuzi humwona fahali akajihadhari.

Hapa huja pingamizi ambalo nimelisikia kwa watu wengi, tena wenye elimu: kwamba ndege amepewa ilhamu na Mola wake, anajua mwenyewe kipi ale na kipi aache. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu amewaongoza ndege, na Qurani inatufahamisha katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba wao ni umma mfano wetu. Lakini tuangalie mimea tuliyonayo uani imetoka wapi. Mparachichi asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Mti wa maua ya njano tunaoupanda kuwa ua, na lantana yenye maua madogo ya rangi mchanganyiko, yote imeletwa kutoka Amerika. Cherero wa Fischer, yule mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, asili yake ni kaskazini mwa Tanzania, upande wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Viktoria. Kasuku wadogo wa kijani na buluu wanaouzwa madukani asili yao ni Australia. Babu zao hawakukutana na mimea hii hata siku moja. Ilhamu ambayo ndege amerithi ni ya miti ya kwao, nasi tumemweka katika bustani ya wageni watupu.

Wengine husema kwamba wamewaona ndege wa nje wakila matunda ya mti fulani bila kudhurika. Hoja hii nayo ina kasoro. Ndege mwenye mdomo laini humeza tunda na kuitoa mbegu nzima kama alivyoimeza. Sumu iliyo ndani ya ganda haikumgusa. Kasuku huipasua mbegu kwa mdomo kabla ya kuimeza, na hua huisaga ndani ya firigisi. Mbegu ni moja, ila matokeo ni tofauti. Wala kinywa cha binadamu si kipimo. Ndege hula pilipili kichaa bila kuhisi ukali wake, ndiyo maana miche ya pilipili huota yenyewe chini ya nyaya na kuta wanapotua, wakati sisi machozi hututoka. Na sisi tunakula parachichi kwa sukari na ndimu, wao linawaua. Anayesema "mbona mimi nakula" hajasema kitu.

Basi ni mimea gani ya kuepukwa? Nitaitaja ile iliyo mingi katika nyua zetu, nikianza na ile mibaya zaidi.

Baada ya mparachichi, wa kwanza ni olianda, ambao wataalamu wa mimea huuita Nerium oleander. Ni kichaka kirefu chenye majani membamba magumu yanayotoka matatu matatu mahali pamoja, na maua ya waridi, meupe au mekundu. Hupandwa sana mbele ya nyumba na kandokando ya barabara kwa sababu haufi kwa jua wala hauguswi na mbuzi, na jambo hili la kutoguswa na mbuzi lingetosha kumfanya mtu ajiulize. Ndugu yake ni ule mti wa ua nilioutaja, wenye maua ya njano yaliyofumbika kama kengele, majani membamba yanayong'aa, utomvu mweupe, na tunda la kijani lenye pembe ambalo hugeuka jeusi likiiva. Huu wanauita Thevetia peruviana. Yote miwili ina sumu ya moyo katika kila sehemu yake, na kiasi kidogo sana kinamtosha ndege. Ukipita mitaa yenye nyumba mpya utauona mti huu wa pili umezunguka kiwanja kizima, na kizimba cha ndege kimeegemezwa humo humo ili kipate kivuli.

Kisha mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, unaoota wenyewe kwenye majalala na nyuma ya vyoo. Mbegu zake, nyonyo, zina sumu kali mno zikipasuliwa. Mbono kaburi nao, ambao umepata jina hilo kwa kupandwa makaburini, mbegu zake ni sumu vilevile. Mturituri ni mmea mwembamba unaotambaa, na huingia wenyewe kwenye wavu wa kizimba bila kupandwa na mtu. Mbegu zake ni zile nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu huzitunga shanga. Turituri moja iliyopasuliwa na mdomo wa kasuku inatosha. Mnanaha, wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na tunda la miiba, kila sehemu yake ni sumu. Minyaa hutoa utomvu mweupe unaochoma macho na midomo. Sisi tunaujua kwa kuwa umetuchoma utotoni, na jicho la ndege ni dogo kuliko letu.

Mimea ya chakula chetu nayo isitudanganye. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, na wapishi wa kisamvu wanalijua hilo kwa vitendo hata kama hawalisemi kwa maneno: hutwangwa, hupikwa muda mrefu, ndipo huliwa. Ndege hatwangi wala hapiki. Majani ya nyanya, bilinganya na viazi ulaya yasiingie kizimbani. Majimbi, pamoja na jamaa zake wa mapambo wenye majani mapana yenye mabaka meupe yanayowekwa vibarazani, yanawasha na kuvimbisha kinywa. Kokwa za stafeli na mbegu za tufaha zitolewe kabla ya kumpa ndege tunda.

Nimekaa sana kwenye asumini kabla ya kuandika, kwa sababu hapa jina linaweza kumponza mtu. Asumini yetu yenye maua meupe, ile ambayo akina mama wa Unguja na Mombasa huiweka kwenye vikuba, haijulikani kuwa na madhara kwa ndege. Lakini kuna kichaka kingine kinachonukia usiku tu, chenye maua membamba ya kijani iliyochanganyika na nyeupe na vitunda vidogo vyeupe, ambacho watu hukiita pia asumini ya usiku au malkia wa usiku. Hicho si asumini hata kidogo. Ni jamaa ya mnanaha, na vitunda vyake ni sumu. Majina ya mimea hubadilika kutoka Tanga hadi Lamu, na wauza miche kando ya barabara nao wana majina yao ya biashara. Kwa hiyo asiyekuwa na hakika asitegemee jina la mtaani. Akate kitawi chenye jani na ua, na tunda kama lipo, akipeleke kwa mtu wa elimu ya mimea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utambuzi, na Nairobi iko ile ya Makumbusho ya Taifa ambayo ni ya Afrika Mashariki nzima. Mwanafunzi wa sekondari mwenye kitabu kizuri cha mimea naye anaweza kuwa msaada. Na mmea usiojulikana jina lake, hukumu yake kwangu ni nyepesi: ubaki nje.

Huenda msomaji akaona kwamba nimefunga milango yote. Sivyo. Mimea iliyo salama ni mingi, na mingi yake ni ya bei rahisi kuliko ile ya sumu.

Kwa kivuli hakuna unaoushinda mgomba. Hukua upesi, majani yake hupoza hewa, na kasuku akiyachana vipande vipande hadhuriki. Mianzi hufaa upande unaopigwa na upepo wa kusi, kwa sababu huukata upepo bila kuuziba, nao chiriku na ndege wengine wadogo hupenda kujificha humo. Mitende midogo ya mapambo ni salama. Mpera ni mti wa thamani kubwa katika kizimba: gome lake ni laini, mti wake mgumu, tunda lake huliwa, na matawi yake yana unene mbalimbali. Suala hili la unene watu hulidharau. Ndege anayesimama mwaka mzima juu ya fimbo moja iliyochongwa sawasawa hupata vidonda vya nyayo, kwa kuwa uzito wake huangukia pale pale kila siku. Matawi ya mpera, ya mchungwa au ya mkomamanga, mengine manene na mengine membamba, humpa nafasi ya kubadilisha mshiko.

Chini, panda ukoka, na pembezoni tupia mbegu chache za uwele au ulezi. Mtama pia unafaa, lakini subiri suke likomae ndipo uwape, kwa maana mtama mchanga una sumu ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaifahamu vizuri. Suke linaloning'inia kwenye bua lake humshughulisha ndege kwa saa nyingi kuliko mtama uliomwagwa kwenye kisahani. Mkulima anayeshinda juani akiamia ndege shambani ataniambia kuwa haya si mageni kwake! Mrehani, nanaa na giligilani ni salama, hunukia vizuri, na zinaweza kukaa kwenye vyungu. Majani ya mlonge yanafaa pia. Mwaridi hauna sumu, ila miiba yake haifai ndani ya kizimba ambamo ndege huruka kwa kushtuka usiku; uwekwe nje.

Mwenye kasuku na cherero ajue mapema kwamba mmea wowote ulio ndani utaliwa mpaka kwenye shina. Kwake yeye njia nzuri ni kupanda nje ya wavu, umbali ambao mdomo haufiki, kisha kila siku chache kuwakatia matawi mapya ya mpera. Wenye hua, tetere na chiriku wanaweza kupanda ndani.

Mche ulionunuliwa usiingie kizimbani siku hiyo hiyo, hata kama ni wa aina iliyo salama. Wauza miche hunyunyiza dawa za wadudu ili majani yang'ae, na baadhi ya dawa hizo hazikai juu ya jani tu bali hupanda ndani ya utomvu, hivyo kuosha hakutoshi. Uhamishe mche kwenye udongo wako, utoe zile chembechembe za mbolea zilizo juu ya chungu, uuache mbali na ndege kwa wiki kadhaa mpaka utoe majani mapya. Muuzaji akiwa hakumbuki aliunyunyizia nini, uache msimu mzima. Huu ni uchoshi, nakubali. Njia fupi ni kuotesha mwenyewe: chipukizi la mgomba kwa jirani, kitawi cha mrehani, konzi ya ulezi kutoka sokoni.

Na kama mti wa sumu ni wa jirani, na matawi yake yameinamia kizimba chako? Jirani ana haki kubwa kwetu, wala mti wake si kosa. Usikate kitu kwa siri. Zungumza naye kwa wema, na ikiwa yeye anautegemea mparachichi wake kwa kuuza matunda, basi kinachohama ni kizimba.

Kuna atakayesema kwamba watu wana shida za chakula na ada za shule, na shehe anazungumzia majani ya ndege. Namjibu kwamba karibu yote niliyoyataja hayagharimu senti. Pili, orodha ile ya sumu si ya ndege peke yao. Mtoto mchanga anayetambaa uani hutia mdomoni kila anachookota, na nyonyo, turituri na tunda la ule mti wa njano vinamdhuru yeye pia. Familia iliyousafisha ua kwa ajili ya cherero imeusafisha kwa ajili ya mtoto wake. Tatu, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mwislamu akipanda mti kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Wengi wetu tumeipenda hadithi hii kwa sababu ni pana na nyepesi. Lakini nani atasema kwamba sadaka hiyo ni ya mti unaomwua mwenye kuula, hali mpandaji ameshaelezwa?

Kwa kuwa tumefika kwenye ndege wenyewe, neno moja juu ya wanakotoka. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kisa cha masahaba waliochukua makinda ya ndege safarini, mama yao akawa anazunguka juu yao kwa taabu, na Mtume (S.A.W.) akaamuru yarudishwe. Vijana wanaouza ndege walionaswa kwa ulimbo, miguu imebanduka manyoya, wapo kwa sababu wanunuzi tupo. Cherero wa Fischer alikuwa katika miaka ya 1980 miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani, na porini amepungua. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na tangu mwaka 2017 kasuku wa kijivu yumo katika daraja la ulinzi mkali kabisa la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini. Anayetaka kufuga atafute ndege aliyezaliwa kizimbani, na aulize idara ya wanyamapori ya nchi yake kuhusu kibali kabla ya kutoa fedha.

Ndege aliyekula sumu huonyesha dalili chache na kwa kuchelewa, maana ni tabia yake kuficha udhaifu. Ukimwona amejituna manyoya, amekaa sakafuni badala ya juu, anahema huku mkia ukipanda na kushuka, usisubiri asubuhi. Mtoe peke yake, mweke mahali pa joto na giza kidogo, ondoa mmea wote kizimbani ili wengine wasiendelee kuula, na umpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na kitawi cha mmea unaoshuku. Usimnyweshe maziwa. Desturi yetu ya kumpa maziwa kila aliyekula sumu haimfai ndege. Hawezi kuyameng'enya, na ukimlazimisha yatapita njia ya hewa umwue kwa mkono wako.

Limebaki la wale ambao wameshapanda olianda au mti wa njano na sasa wanataka kuung'oa. Vaa glovu, kwa sababu utomvu wake si mwema kwa ngozi. Matawi usiyachome moto, kwani moshi wake una madhara, wala usiyatupe mahali ambapo mbuzi na ng'ombe wa mtaa hupita, maana yakinyauka bado sumu yake ni ile ile na mnyama mwenye njaa huenda akayala. Chimba shimo refu kwenye kona ya kiwanja, yafukie, na juu yake panda mgomba.